Mwoga wa Saio

Jirani yetu aliyetengeneza divai alikuwa mwoga, na hakuwahi kuuficha woga wake. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtu yeyote wa mtaa wetu wa Saio angekuambia juu yake, kabla hata ya kukuambia kwamba divai yake ya nanasi haikuwa na mfano katika mji wote wa Bunia. Tulimwita Mama wa Divai. Jina lake halisi lilijulikana na wachache, na hata hao hawakulitumia.

Aliogopa radi, mbwa, ngazi, maji yaliyopita magoti, na watu wanaocheka peke yao njiani. Aliogopa pikipiki, alisema mtu anayepanda pikipiki amekwisha kubali kufa na sasa anatafuta mahali tu. Vita ilipofika Bunia, sisi wengine tulianza kujifunza kuogopa. Yeye alikuwa amefuzu zamani.

Wanaume wa avenyu yetu walikuwa na desturi ya kukaa nje jioni, wakiambiana kwamba wao hawatakimbia, hata aje nani. Mama wa Divai akipita na ndoo yake alikuwa anasimama mbele yao.

"Miye nakimbia," alisema. "Mukiona mulango yangu iko na kufuli, mujue nimeshaenda."

Walicheka, na yeye alicheka nao. Lakini niliona kwamba kila asubuhi, kabla ya kwenda kutafuta maisha mjini, wanaume hao hao walipitisha macho kwanza kwenye mlango wake.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Shule ilipofungwa kwa sababu ya mapigano, nilianza kwenda kwake kumsaidia kuosha chupa, kwa sababu kukaa bure nyumbani na kusikiliza milio ya mbali kulikuwa kunanimaliza. Kwake kulikuwa na kazi tangu asubuhi. Mananasi yalimenywa, yakapondwa, yakatiwa sukari na chachu ndani ya mabidoni makubwa ya plastiki ya buluu, kisha yakafunikwa kitambaa na kuachwa yachemke yenyewe kwenye chumba cha nyuma. Ukiweka sikio kwenye bidoni ulisikia kitu kama mvua ndogo juu ya majani ya ndizi. Aliuza kwa ajili ya harusi, ubatizo na komunyo ya kwanza. Hata katika vita watu waliendelea kuoana. Nadhani walioana zaidi.

Yeye mwenyewe hakunywa. Alionja kwa ncha ya ulimi, akatema, akasema kama iko tayari au bado.

"Kwa nini hunywi kazi yako mwenyewe, Mama?" nilimwuliza siku moja.

"Mulevi hasikii nyayo za watu," alijibu. "Na miye nataka kusikia."

Jumapili moja, mchana, watu wametoka misa na wameketi kula, milipuko ilisikika katikati ya avenyu. Kila mtu alilala chini. Jirani yetu mmoja aliingia chini ya kitanda na sahani yake ya maharagwe, na akaendelea kuishika bila kumwaga hata punje. Tulikaa vile, mashavu sakafuni, hadi harufu ya nanasi ilipoingia kwa dirisha. Chupa tatu za Mama wa Divai, zilizofungwa kabla ya divai kutulia, zilikuwa zimepasuka kwa mfuatano. Tulipokwenda kumtafuta hakuwepo. Alikuwa amekimbia peku hadi mtaa wa Mbunya. Alirudi mchana ule ule, akagundua alichokimbia ni nini, akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

"Nimewaogopesha, munisamehe," alisema kila mlangoni. "Nimejiogopesha na miye."

Hakuona haya hata kidogo. Ndilo lililonishangaza kwake. Sisi tulioogopa tulitafuta jina lingine: tulisema tumechoka, tuna presha, tumelala vibaya. Yeye alisema niko naogopa kama mtu anavyosema niko na njaa, kisha akaendelea na kazi.

Mume wake, marehemu, alikuwa agronomu, yaani bwana shamba. Alimwachia pikapu nyeupe iliyochakaa na tanti ya kijani ya turubai, nzito, ya kulala watu wanne. Kila msimu wa maembe, kabla ya vita, alitoka Bunia na shofa wake Déo kwenye usukani, akateremka kwenda Ziwa Albert kutafuta matunda. Hakwenda moja kwa moja kama wafanyabiashara wengine. Alisimama milimani kuchukua nanasi, akasimama tena kwa marakuja na ndizi, halafu akateremka ule mteremko mrefu hadi kwenye joto la ziwa, kwenye maembe na malimau. Walipika njiani, walilala njiani. Déo aliniambia kwamba ilikuwa kama konji, yaani likizo, isipokuwa bosi wako anaamka kila dakika kukuuliza kama umesikia kitu.

Hakukubali kulala katika nyumba ya mtu, hata ya padri.

"Nyumba iko na mulango moya," alisema. "Wakisimama pale mulangoni, umekwisha. Tanti unapasua nyuma kwa kisu, unatoka."

Na kweli alilala na kisu cha kumenyea nanasi karibu na kichwa. Tanti ilipigwa mbali na barabara na mbali na kijiji, pasipo moto, na pikapu iligeuzwa kabla ya kulala ili pua yake ielekee Bunia.

Tanti hiyo ilimpa woga mwingine, ambao haukuwa wa kuchekesha. Mimi nilifundisha Kiswahili cha vitabu, na katika Kiswahili cha vitabu tanti ni hema. Lakini kwetu Ituri Hema ni jina la watu, kabila moja kati ya yale yaliyokuwa yametumbukizwa katika kuuana. Kwenye bariere za barabarani watu waliulizwa wao ni nani, na jibu moja lilitosha kumtoa mtu kwenye gari. Siku niliyosema neno lile uani kwake, nikimwuliza kama nikunje hema, aliacha chupa zote akaja kunishika mkono.

"Mwalimu, hiyo neno uiache shuleni," alisema kwa sauti ya chini. "Sema tanti. Sema bashi, sema turubai. Kama umesahau yote, nyamaza."

Safari niliyokwenda naye ilikuwa wakati vita imeshika barabara zote, na hakuna aliyetarajia aende. Mananasi ya karibu yalikuwa yangali yakipatikana. Lakini asubuhi moja nilimkuta anafunga masanduku matupu nyuma ya pikapu, na mafundo yake yalikuwa yakifunguka, Déo akifunga kamba upya nyuma yake.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Ziwani. Maembe imeiva."

"Mama, watu wanarudi kutoka kule. Hakuna anayekwenda."

"Najua. Niko naogopa tangu jana." Alipanda, akafunga mlango, akaufungua tena. "Unaweza kuja? Tukiwa watatu nitaogopa kidogo."

Nilikwenda. Mpaka leo siwezi kueleza vizuri kwa nini, isipokuwa kwamba hakuna mtu mwingine siku zile aliyeniomba kitu kwa ukweli namna ile.

Barabara ilikuwa tupu. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi: barabara ile ya wauza samaki na wauza ng'ombe, bila mtu. Mananasi yalikuwa yameachwa kwenye vichanja vya mbao kando ya njia, yamegeuka ya kahawia, na nyuki wamejaa juu yake. Mama wa Divai hakumwambia Déo asimame. Tulipita mashamba ya marakuja, matunda yamelala chini kama mayai, na pia hatukusimama. Nilianza kujiuliza masanduku yale ni ya nini.

Kabla ya mteremko tulikuta bariere: mti umelazwa barabarani, na vijana wanne wenye bunduki. Mmoja aligonga turubai iliyokunjwa nyuma kwa mdomo wa bunduki.

"Hii ni nini?"

Alikuwa ananitazama mimi. Akili yangu yote ilikimbia, ikabaki na neno moja tu, lile la shuleni. Nilikuwa nimefungua kinywa tayari. Mama wa Divai alinikanyaga mguu kwa nguvu hadi machozi yakanitoka.

"Tanti," alisema yeye. "Tanti ya kulala. Tunakwenda kuchukua maembe, mwanangu, na tunarudi."

Kijana aliangalia masanduku, akachukua sigara za Déo, akasogeza mti. Tulipokwisha pita kona ya kwanza Déo alisimamisha gari, tukashuka wote watatu, kila mtu akaenda majanini upande wake. Hakuna aliyecheka.

Tulilala kule chini kwenye nyasi fupi, pua ya pikapu ikielekea juu. Kulipokucha niliona ziwa: maji ya rangi ya bati, mitumbwi michache sana, na upande wa pili Uganda, karibu kiasi cha kukufanya uone uchungu. Mama wa Divai hakuangalia ziwa. Alikuwa amekwisha kunja tanti.

Ndipo nikajua tulichofuata. Katika kijiji kilichokuwa karibu aliishi mwanamke aliyemwuzia maembe miaka yote, mwenye shamba la miti ya maembe na malimau lililoteremka hadi karibu na maji. Nitamwita Mama wa Maembe. Mume wake alikuwa amepooza upande mmoja, na kinywa chake kilikuwa hakitoi tena neno linaloeleweka. Nusu ya kijiji ilikuwa imekwisha ondoka. Maembe yalikuwa chini, yamepasuka, mbuzi wanakula mpaka wamechoka, na harufu yake tamu ilikufuata hadi ndani ya nyumba.

Alitupokea kwa furaha, akaanza kuleta makapu.

"Safari hii chukua yote," alisema. "Hakuna mununuzi."

"Sikufuata maembe," Mama wa Divai akamwambia. "Nimekufuata weye. Na muzee. Pandeni gari."

Mwenzake alimtazama, akaketi juu ya kapu lililojaa.

"Siye tunabaki hapa. Nani atachunga miti?"

"Miti haikimbii. Weye utakimbia na nini? Muzee utamubeba mgongoni?"

"Miye siogopi."

"Ndio hiyo inaniogopesha."

Walibishana hivyo mpaka jua likawa kali. Sijawahi kuona watu wawili wanaopendana wakisemeshana kwa ukali namna ile. Mama wa Maembe alisema miti ile ilipandwa na baba mkwe wake. Akisogea siku moja, kesho yake kutakuwa na mtu mwingine chini ya miti hiyo. Mama wa Divai alisema anajua. Alisema pia kwamba anaogopa na kwamba hawezi kungoja zaidi, lakini hakuondoka.

Halafu tulisikia milio ya bunduki, upande wa ufuko. Si mingi. Kama mtu anayevunja vijiti.

Mama wa Divai alikwenda kwenye pikapu, akatupa masanduku chini moja baada ya jingine, akavuta turubai ya tanti na kuitandika kwenye sakafu ya nyumba ile. Alikuwa analia na kamasi zikimtoka, wala hakujifuta.

"Déo, shika miguu. Mwalimu, shika kichwa."

Tulimweka mzee juu ya turubai, tukamwinua kwa pembe nne na kumlaza nyuma ya gari. Hakupinga, alinitazama tu kwa jicho lake lililo zima. Mke wake alisimama mlangoni mikono kiunoni. Gari ilipowaka, alipanda karibu na mume wake, ameshika ufunguo wa nyumba.

Njiani Mama wa Divai aligeuka kupitia dirisha la nyuma akamwomba jambo moja. "Kule bariere, weye ulie tu. Usiseme luga yenu. Lia."

"Siwezi kulia mbele ya watoto wale," alijibu mwenzake.

Na kwenye bariere hakulia. Safari hii walikuwa wengi zaidi, na mkubwa wao alikuwa kijana mwenye kofia ya sufu katika joto lile. Alifunua pembe ya turubai tuliyokuwa tumemfunikia mzee.

"Nani huyu?"

"Mugonjwa," alisema Mama wa Divai. "Hasemi."

"Asalimie. Nataka kusikia luga yake."

Mzee alijaribu. Kilichotoka kilikuwa sauti tu, na mate. Kijana akamgeukia mke. Mama wa Maembe alikuwa amenyoosha shingo na amekaza meno, na nilijua kwamba kitakachotoka kinywani mwake kitatuua sote. Lakini kijana alikuwa amemwona Mama wa Divai. Mama alikuwa ameshuka garini, anatetemeka mwili mzima, hata bati la mlango alioushikilia lilikuwa linalia.

"Huyu mama iko na malaria?"

"Hapana," alisema. "Ni weye. Niko nakuogopa."

"Miye?"

"Weye, mwanangu. Na wenzako. Naogopa utaua huyu muzee, halafu utaua dada yangu, halafu miye. Siwezi kusimama vizuri. Angalia miguu yangu."

Kijana aliangalia miguu yake. Wanaume waliopita pale, nadhani, walimpa sigara, walimwita shefu, walicheka naye kwa sauti kubwa. Sidhani kama kuna mtu aliyekuwa amemwambia wazi wazi vile, na tena bila chuki. Alivuta kofia yake chini. Alitazama pembeni, kwa wenzake, kisha barabarani, kama mtu aliyeulizwa swali na mama yake mbele ya marafiki.

"Gari inabaki," alisema mwisho. "Nyinyi mupite. Haraka."

Tulimbeba mzee kwa pembe nne za turubai: Déo, mimi, na wale wanawake wawili. Hatukugeuka nyuma. Kila hatua nilingoja risasi mgongoni, mahali fulani katikati ya mabega, na hata leo, nikiwa nimechoka, mahali pale panawasha. Tulipumzika katika kanisa dogo la udongo, na siku iliyofuata kamyo ya samaki ilituokota ikatufikisha Bunia tukinuka kama mzigo wake.

Ninaposimulia, watu wanapenda nikomee hapo. Lakini milio ile ya ufukoni haikuwa shambulio. Habari zilifika baada ya siku chache: walikuwa walevi waliofyatua hewani. Kijiji kilikuwa kizima. Mama wa Maembe, aliyekuwa sasa anaishi katika chumba cha mbele cha rafiki yake huko Saio, na mume kitandani, hakumsamehe.

"Umenitoa kwangu kwa sababu ya walevi," alimwambia mbele yangu. "Woga yako imekula miti yangu."

Mama wa Divai alikubali. "Ndiyo. Nimekosa. Barabara ikifunguka nitakurudisha." Alimpikia, alimwosha mzee kila asubuhi, na alinyamaza aliposemwa. Nilimwona siku zile akiwa na furaha ya ajabu. Gari limekwenda, divai imesimama, rafiki hamsemeshi, na yeye anaimba akiosha sahani. Nilimwuliza.

"Unaona, Mwalimu, nimekosa," alisema. "Siku zote naomba Mungu nikose."

Kisha kijiji kile cha ziwani kilichomwa. Sitaeleza, walioona wapo, na hawapendi kueleza. Mtu aliyefika na habari alitukuta sote uani, akasimulia akiwa amesimama. Alipokwisha, Mama wa Maembe aliingia ndani kwa mume wake. Nilimtazama Mama wa Divai, nikitegemea kuona angalau kidogo cha ule uso wa mtu aliyethibitika kuwa hakukosea. Hakuwa nao. Alikaa chini kwenye udongo, akafunika kichwa kwa kitenge, akalia kwa sauti kama aliyefiwa na mtoto. Baadaye Mama wa Maembe alitoka akaja kuketi karibu naye, bega kwa bega. Tangu siku hiyo niliwasikia wakisemeshana tena.

Mapigano yalipoingia mjini kwenyewe tulitawanyika. Mimi nilikwenda hadi mji wa Beni kwa miguu, na nilipita miaka bila kujua nani amebaki. Niliporudi, nyumba ya divai ilikuwa na watu wengine, na waliniambia tu kwamba mzee alikufa kwa ugonjwa wake, kitandani, kama watu wanavyokufa.

Nilikutana na Mama wa Divai mara ya mwisho kwenye mtaa wa Lumumba, asubuhi, nikiwa naenda sokoni. Taksi ilisimama kando yangu. Ndani, nyuma, walikuwa wamekaa wao wawili, wamezeeka, wamevaa vitenge vya Jumapili. Mama wa Divai alikuwa ameishika kamba ya mlango kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Mwalimu," aliniita. "Tunateremka ziwani. Dada anataka kuona kama miti iko."

"Barabara imetulia?"

"Wanasema imetulia. Twende na siye."

Nilitaka kusema nina vipindi, nina mgeni, sijaaga nyumbani. Lakini alipotaja ziwa nilikuwa nimekwisha uona tena ule mti umelazwa barabarani. Sikuwa na nguvu ya kutafuta jina lingine.

"Mama, naogopa," nilisema.

Alinitazama kwa upole mkubwa, kama mtu anayesikia lugha ya kwao katika mji wa mbali.

"Ogopa tu," alisema. "Panda."

Kisha akamsukuma mwenzake kidogo kwa kiwiko, wakasogea.